Kilo 200, Gramu 31

Uyoga mbichi haumngojei muuzaji. Ukichumwa alfajiri, kesho yake jioni kingo zimeanza kunywea na weupe unageuka manjano. Ukilala siku mbili tatu nje ya friji hakuna mpishi atakayeugusa. Ndiyo maana wanaoleta mamama, uyoga unaolimwa hapa, katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwenye soko la Kisutu, kwenye maduka makubwa ya Posta na kwa wapishi wa hoteli, hufika mapema. Kariakoo wanafika wachache zaidi. Pale mchicha, nyanya na bamia vinajiuza vyenyewe, na mtu anayesukumana na umati wa Mtaa wa Swahili hana nafasi ya kusimama aelezwe mboga asiyoijua. Uyoga unataka maelezo.

Siku hizi maelezo yanayotakiwa si ya mapishi. Mama mmoja wa makamo, anayelima mwenyewe kule Kimara na kuleta mzigo wake mjini, aliulizwa na kijana mbele yangu: "Shikamoo mama. Eti ni kweli huu unatibu kansa?" Akaitikia marahaba, akampimia robo kilo, ndipo akamjibu: "Mimi nauza mboga, mwanangu. Dawa iko kule hospitali ya saratani, Ocean Road."

Jibu lake ni la haki, tena la muuzaji mwenye heshima zake, maana angeweza kusema ndiyo akauza kilo mbili. Lakini swali la kijana halikutoka hewani. Ndani ya uyoga kuna vitu ambavyo madaktari wa Japani waliwahi kuwapa wagonjwa wao wa saratani hospitalini kwa miongo kadhaa, kwa kibali cha serikali. Kutoka kisanduku cha Kisutu hadi kichupa cha sindano kuna kazi kubwa ya mikono, na mikono ya kwanza ni ya mama huyu. Tuanze nayo.

Kazi yake inaanza na takataka: mabua ya mpunga yaliyobaki shambani baada ya mavuno, ambayo wengi huyachoma moto, na pumba za pamba akizipata. Mabua anayakatakata kwa panga vipande vya urefu wa vidole viwili, anayaloweka usiku kucha, kisha anayapika kwenye pipa la chuma juu ya moto wa kuni kwa saa kadhaa. Hakusudii kuua kila kilicho hai mle ndani. Akizidisha moto anabaki na uwanja mtupu ambao mvamizi yeyote atautwaa. Akipunguza, magugu yanabaki. Anataka joto la wastani lililodumu, la kuua ukungu mbaya na kuviacha hai baadhi ya vijidudu vinavyopenda joto, ambavyo baadaye vitamlindia mbegu.

Kisha anapima maji. Anachota konzi ya mabua, anafumba kiganja na kukamua. Yakidondoka matone mawili matatu kati ya vidole, sawa. Yakitiririka, yanarudishwa kwenye turubai yachuje zaidi. Yasipodondoka kabisa, yameshakauka mno na mbegu italala njaa. Hana kipimo kingine, na nilivyomwona akikamua, kutikisa kichwa, kungoja na kukamua tena, sikuona haja ya kingine. Hapo mabua yanaachwa yapoe mpaka yakigusa ngozi ya ndani ya mkono yasisikike kuwa ya moto wala ya baridi.

Sasa ndipo unaponyamaza ukimtazama. Ananawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, anajipaka spiriti, anafunga mlango, anafunga kitambaa puani. Watoto hawaingii. Anatandika mabua ndani ya mfuko wa nailoni, kimo cha vidole vinne, ananyunyizia mbegu pembezoni, anatandika tena, ananyunyizia tena, mpaka mfuko ujae, kisha anaukandamiza na kuufunga kwa kamba. Mbegu yenyewe ni punje za mtama zilizovikwa utando mweupe. Mifuko inakwenda chumba cha giza, na kwa muda wa wiki tatu hivi kazi yake ni kukagua tu. Utando unasambaa kutoka punje moja hadi nyingine mpaka mfuko mzima unakuwa mweupe. Penye doa la kijani pameingia ukungu wa Trichoderma, adui mkubwa wa wakulima wa uyoga duniani kote. Mfuko huo hafungui mle ndani hata kwa kuchungulia. Anautoa nje, anauzika mbali, anarudi kunawa.

Mifuko iliyoiva inahamia chumba cha mwanga, inatobolewa, na hapo anaanza kuusoma uyoga kwa umbo lake. Ukitoka na miguu mirefu na vikofia vidogo, chumba kinakosa hewa, anafungua madirisha. Kingo zikipasuka, unyevu umepungua. Anamwagia maji mchanga wa sakafuni na magunia yaliyotundikwa ukutani, si uyoga wenyewe. Ukigeuka manjano na kulainika, maji yamezidi. Dar es Salaam kwa joto lake si mji wa upole kwa kazi hii, na wakulima wake wanategemea aina za Pleurotus zinazostahimili joto. Hata hivyo mwezi wa pili, jua linapokuwa kali, bomba la kunyunyizia halitoki mkononi. Uyoga unachumwa kabla kingo hazijapinda juu, kwa kuushika shada zima na kulizungusha, wala haukatwi kwa kisu, kwa sababu kisiki kinachobaki huoza na kuleta nzi. Ukicheleweshwa unamwaga vumbi jeupe la mbegu zake, na anayelivuta siku kwa siku huishia kukohoa.

Nimeyakalia haya kwa makusudi. Wanaozungumzia uyoga na saratani huanzia maabara, wakaruka banda. Huku maabara kunafuatwa sheria zile zile.

Chukua utengenezaji wa mbegu. Mtama unachemshwa mpaka punje zilainike bila kupasuka, unachujwa, unachanganywa na chokaa, unajazwa kwenye chupa, unazibwa kwa pamba na kupikwa kwa mvuke wenye shinikizo hadi nyuzi joto 121. Hapa kinyume cha pipa la mabua: kila kilicho hai lazima kife. Kisha kipande kidogo cha utando safi kinadondoshwa ndani ya chupa karibu na mwali wa moto. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na hakikuishia kwenye uyoga wa kigeni. Mwaka 2008 Anthony Mshandete wa chuo hicho, pamoja na mwenzake, walichapisha utafiti wa kuotesha aina tatu za uyoga wa porini wa hapa hapa Tanzania juu ya mabaki ya mkonge. Mmojawapo ulikuwa Coprinus cinereus, unaoota wenyewe kwenye marundo ya taka za mkonge. Anayejua marundo hayo kule Tanga anajua pia harufu yake, na atawaheshimu waliokaa nayo mpaka ikatoa chakula.

Fundi mkongwe kuliko wote, hata hivyo, si binadamu. Mchwa wa vichuguu hulima uyoga chini ya ardhi, wakiulisha majani makavu yaliyotafunwa na kuupalilia ukungu mwingine usiingie. Mwaka 2016 wanajiolojia walitangaza kwamba katika miamba ya bonde la Rukwa wamekuta viota vya mchwa vilivyogeuka mawe, bustani za uyoga zikiwa bado ndani, vyenye umri wa miaka milioni 25. Uyoga unaochomoza kwenye vichuguu mvua zikianza ni zao la mashamba hayo, na binadamu mpaka leo hajaweza kuulima kibiashara. Katika hilo mchwa ametushinda.

Wanaojua uyoga wa porini zaidi ni wanawake wa nchi za miombo, kina mama wa Iringa, Tabora na kwingineko, wanaookota kwa msimu na kukausha juani. Elimu yao imeandikwa kidogo mno. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu kizima cha uyoga wa Tanzania, wa kuliwa na wa kudhuru. Mwaka 2012 Donatha Tibuhwa wa chuo hicho hicho akachapisha utafiti wa namna jamii zinazoishi jirani na Ngorongoro na Serengeti zinavyoutambua, kuupa majina na kuutumia uyoga, ikiwa ni pamoja na kwa tiba. Kazi za namna hii hazina kelele. Mtu anakaa na bibi, anaonyeshwa uyoga, anaandika jina, anarudi na kielelezo kilichokaushwa. Bila hayo mkemia hajui aanzie wapi.

Mkemia naye alianza na maji ya moto. Mwaka 1969, huko Japani, Tetsuro Ikekawa na wenzake walichemsha aina mbalimbali za uyoga wa kuliwa, wakachukua yale maji, wakawadunga panya waliopandikizwa uvimbe wa saratani. Mamama wa jamii ya huu wetu, Pleurotus ostreatus, ulizuia ukuaji wa uvimbe kwa takriban robo tatu. Hiyo ndiyo takwimu inayozungushwa na wauza unga wa uyoga, bila kutaja panya wala sindano. Panya wa maabara wameponywa saratani mara nyingi sana na vitu ambavyo kwa binadamu havikufua dafu.

Wakati huo huo Goro Chihara, aliyekuwa kwenye kituo cha taifa cha saratani mjini Tokyo, alijipa kazi ngumu zaidi: kujua ni kitu gani hasa ndani ya yale maji. Alichukua uyoga wa shiitake, akauchemsha, akagandisha kwa spiriti, akatenga, akasafisha, akatenga tena. Kutoka kilo 200 za shiitake mbichi alipata gramu 31 za unga mweupe. Aliuita lentinani. Gramu 31 ni vijiko viwili vitatu vya mezani. Kilo 200 ni mzigo wa kujaza kirikuu. Fundi anayekubali hesabu ya namna hiyo, asiseme "karibu inatosha" mahali fulani katikati ya safari, anastahili kuvuliwa kofia.

Lentinani ni aina ya beta-glukani, yaani sukari nyingi zilizofungana kwenye mnyororo mrefu wenye matawi mafupi. Minyororo hiyo haikai mmoja mmoja. Mitatu inajisokota pamoja kama msuko wa nywele. Miili yetu haitengenezi kitu cha namna hiyo, lakini kuta za kuvu zimejaa nacho, na kuvu wengine huleta maradhi. Kwa hiyo seli zetu za kinga zimezoea kukishtukia. Mwaka 2001, huko Oxford, Gordon Brown na Siamon Gordon walikitambua kipokezi kilicho juu ya seli hizo kinachozikamata beta-glukani, kiitwacho dektini-1. Hapo ikaeleweka kwa nini unga wa Chihara ulifanya kazi bila kuigusa seli ya saratani yenyewe. Hauui uvimbe. Unawaamsha walinzi waliokuwa wakiupita uvimbe bila kuuona.

Tofauti hiyo ndiyo inayopotea njiani mtu anaposema uyoga unatibu saratani. Dawa nyingi za kemo huingia na kuua seli zinazogawanyika haraka, njema na mbovu. Beta-glukani hufanya kazi nyuma ya hizo, kama mwili una kinga ya kuamshwa, na ndivyo Wajapani walivyozitumia: lentinani kwa sindano ya mshipa kwa wagonjwa wa saratani ya tumbo, ikiambatana na kemo, kwa kibali cha mwaka 1985. Kabla yake, mwaka 1977, waliidhinisha PSK, inayotolewa kwenye uyoga mgumu wa magogo ambao hakuna anayeula kwa raha. Mwaka 1994 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la wagonjwa 262 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya tumbo. Baada ya miaka mitano, waliopewa kemo pamoja na PSK walikuwa hai asilimia 73; waliopewa kemo peke yake, asilimia 60. Ni pengo la watu halisi. Ni pengo pia linaloonyesha kwamba wengi walipona bila PSK, na wengine walikufa wakiwa nayo.

Kwetu mfano unaogusa zaidi ni skizofilani. Inatoka kwa Schizophyllum commune, uyoga mdogo wa kijivu wenye umbo la kipepeo cha mkono, unaoota kwenye magogo makavu mvua ikinyesha. Upo karibu kila bara, na katika nchi kadhaa za Afrika huliwa, ingawa ni mgumu wa kutafuna. Wajapani waliidhinisha dawa yake miaka ya 1980 isaidiane na mionzi kwa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi. Hiyo ndiyo saratani inayoongoza Tanzania. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, nchi yetu ilikuwa na wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na takriban robo yao walikuwa wanawake wenye ugonjwa huo. Utafiti wa kitabibu wa uyoga wa magogo yetu, uliofanywa hapa, kwa wagonjwa wetu na kwa vipimo vya kisasa, ungekuwa na pa kuanzia. Taasisi ya Tiba Asili pale Muhimbili, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti, ina ujuzi wa kuchuja na kupima. Kinachohitajika ni fedha na miaka.

Na miaka ni mingi, lakini njia hiyo inapitika. Maua ya vinka, yale meupe na ya waridi yanayopandwa nje ya ofisi za Posta na kuota yenyewe kwenye nyufa za kuta, ndiyo chanzo cha vinkristini, dawa ambayo watoto wenye saratani ya damu hutibiwa nayo duniani kote tangu miaka ya 1960. Hakuna daktari anayemwambia mzazi akachume vinka amchemshie mtoto. Majani yale ni sumu. Dawa ilipatikana kwa kuyatenga majani mpaka kipimo kikajulikana kwa miligramu.

Na sahani ya mamama, basi, inafanya nini? Mwaka 2021 watafiti wa Marekani walikusanya tafiti 17 zenye wagonjwa wa saratani zaidi ya 19,500 na kuona kwamba waliokula gramu 18 za uyoga kwa siku walikuwa na hatari ya saratani pungufu kwa asilimia 45 kuliko wasioula. Namba tamu, lakini ni za kuangalia watu wanavyoishi. Mla uyoga kila siku huenda pia anakula mboga nyingi, havuti sigara na ana bima. Uzito mkubwa ulikuwa kwenye saratani ya matiti. Kwingine matokeo yalikuwa hafifu. Uyoga una pia ergothionaini, kinga ya seli ambayo mwili wetu hauitengenezi ila una mlango maalumu wa kuipokea, na hakuna chakula kinachoushinda kwa wingi wake. Una protini, una nyuzinyuzi, mafuta yake ni machache. Ni mboga bora sana. Kwa lentinani, piga hesabu ya Chihara: robo kilo ya shiitake ingekupa chini ya sehemu ya ishirini ya gramu, tena ikipita tumboni badala ya mshipani. Na mamama si shiitake.

Kutoka Kisutu hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road unaweza kwenda kwa miguu. Majengo yake ya kale yalifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, yakitazama bahari. Taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria mwaka 1996. Wengi wanaofika pale wanafika ugonjwa umeshaenea, na baadhi walipitia kwanza kwa muuza unga wa uyoga. Hilo linaniudhi kuliko uongo wowote unaosemwa juu ya uyoga, kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi ikigundulika mapema hutibika.

Kwa hiyo nunua mamama ya mama wa Kimara, na ukimkuta amemaliza mzigo ujue umechelewa. Ipike ikaive, mgonjwa aliye kwenye kemo asipewe uyoga mbichi, na uyoga wa porini usiokotwe na asiyeujua. Ukiona dalili, nenda ukapimwe wiki hii hii. Na kama una mgonjwa Ocean Road na nyumbani kuna kopo la unga au vidonge vya uyoga, lichukue kopo lenyewe ukamwonyeshe daktari kabla ya dripu ya kwanza.